Nisome Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupendekezeana Vitabu Maktabani

"Nisome nini?" ni swali nililolisikia maktabani mara nyingi kuliko jingine lolote, na ndilo nililolijibu vibaya kwa muda mrefu zaidi. Nilidhani kazi yangu ni kutaja kitabu kizuri. Siku hizi namsikiliza kwanza aliyeuliza, kitabu kinakuja baadaye. Hapa nimeweka pamoja maswali ambayo wasomaji wenzangu huniuliza wanapotaka kuanza kupendekezeana vitabu, na majibu ninayowapa.

Kwani kitabu kizuri hakijiuzi chenyewe?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, lakini hawakuwa wakizungumzia rafu ya maktaba. Rafuni kitabu husimama kimebanwa na wenzake, kinaonyesha mgongo tu, upana wa vidole viwili, na mara nyingi jina la mwandishi limeshafifia. Vitabu vipya huwekwa karibu na mlango, jalada likitazama watu. Vilivyoingia miaka kumi iliyopita viko rafu ya chini kabisa, ambako lazima uchuchumae ndipo uyasome majina yake.

Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hisabati, alichapisha kanuni tano za ukutubi zinazofundishwa mpaka leo. Ya pili inasema kila msomaji na kitabu chake. Ya tatu inasema kila kitabu na msomaji wake. Ukizisoma haraka utadhani jambo moja limesemwa mara mbili, na sivyo. Ya pili inaanzia kwa mtu: yupo, ana kiu, tumtafutie. Ya tatu inaanzia kwa kitabu: kipo, kimenyamaza, ni nani angekifurahia lau angejua kipo? Anayependekeza anaifanyia kazi hiyo ya tatu, na wakutubi peke yao hawaiwezi, kwa kuwa hakuna aliyesoma vyote.

Kuna na sababu nyingine ambayo wasomaji wengi hawaifahamu. Rafu hujaa. Kila baada ya muda wakutubi hupunguza vitabu, na moja ya mambo wanayoyatazama ni lini kitabu kiliazimwa mara ya mwisho. Kitabu ulichokipenda ukakaa nacho kimya huenda siku moja usikikute. Ukimwambia mtu mmoja naye akakiazima, kumbukumbu yake inapata tarehe mpya.

Mtu akiniuliza "Nisome nini?", nianzie wapi?

Anzia kwa kumuuliza yeye. Ila usimuulize "Unapenda vitabu vya aina gani?", maana swali hilo huwafanya watu wajibu kama wako kwenye usaili. Atataja historia, atataja falsafa, atataja chochote chenye heshima. Muulize hivi: "Kitabu gani cha mwisho kilikuchelewesha kulala?" Akishakitaja, usidakie na jina la kingine. Muulize anakumbuka nini ndani yake, halafu nyamaza umwache azungumze. Analolikumbuka bila kusukumwa ndilo analolitafuta.

Mama mmoja tunayekutana maktabani aliniambia anapenda riwaya za kihistoria. Nilikuwa na tatu tayari kwenye ncha ya ulimi. Nikajizuia, nikamwomba anisimulie ile aliyoifurahia kuliko zote. Hakugusia vita wala wafalme waliojaa humo. Alinieleza habari za fundi wa saa, mhusika mdogo tu, jinsi alivyokuwa akipuliza vumbi kwenye gurudumu la meno lenye ukubwa wa punje, polepole, lisije likaruka likapotea sakafuni. Alipokuwa akieleza, vidole vyake viwili vilikuwa vimebana kitu hewani. Nikaelewa kwamba historia haikuwa hoja. Mama huyu anapenda kuwatazama watu wakifanya kazi wanayoijua. Nikaziacha riwaya zangu tatu, nikampa kumbukumbu za daktari wa upasuaji. Baada ya siku nne alirudi kuuliza kama kuna vingine "vya watu wanaojua kazi yao".

Uliza pia hali yake ya leo. Msomaji yuleyule aliyekwisha kusoma riwaya ya kurasa 600 akiwa likizo, akichoka atataka hadithi fupi ya kumaliza kabla ya usingizi. "Unataka cha kukuchangamsha au cha kukutuliza?" ni swali dogo, na mara nyingi limeniokoa.

Na akisema "chochote tu"?

Mara nyingi maana yake ni kwamba hajui aseme nini. Mpe vitatu. Kimoja kiwe karibu na anachokijua, cha pili hatua moja pembeni, cha tatu mbali kabisa. Viweke mezani, mwache avifungue mwenyewe, nawe sogea pembeni. Ukimpa kumi atachoka kuchagua na kuvirudisha vyote. Ukimpa kimoja ataona haya kukikataa, atakibeba kwa adabu na kukirejesha hakijafunguliwa.

Nitakielezaje kitabu bila kumharibia utamu?

Usimsimulie kisa. Mweleze kitabu kinamfanya nini msomaji.

Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyefanya kazi Seattle, hufundisha kwamba kitabu kina milango minne ya kuingilia: kisa, wahusika, mandhari na lugha. Kila kitabu huwa nayo yote, ila mmoja ndio mpana. Anayeingia kwa mlango wa kisa hufunua kurasa haraka ajue kitatokea nini. Anayeingia kwa wahusika, kitabu kikiisha, hujiona kama ameagana na watu wa nyumbani. Wa mandhari anataka kuwa kule, asikie baridi yake na harufu yake. Wa lugha husoma polepole, hurudia sentensi, wakati mwingine huitamka kwa sauti aisikie. Mpe huyu wa lugha kitabu cha kisa, atakwambia kimeandikwa ovyo. Mpe wa kisa kitabu cha lugha, atakwambia hakuna kinachotokea. Wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Kwa hiyo sentensi yako ionyeshe mlango. Tuseme kitabu kinahusu ndugu wawili. Ukianza, "Wanagombea nyumba ya marehemu baba yao, halafu yule mdogo anagundua kwamba…", umeshavuka mpaka. Jaribu hivi: "Ni ndugu wawili ndani ya nyumba moja kwa siku tatu, na hawasemezani. Kinakwenda taratibu, lakini maneno machache wanayoambiana yanakata." Hujafichua kitu, naye ameshajua mengi: watu ni wachache, mahali ni pamoja, mwendo ni wa pole, na kuna ukali chini yake. Anaweza kuamua.

Mpaka wangu mimi ni sura ya tatu. Lililo mbele ya hapo namwachia msomaji. Na nakuomba sana usimwambie mtu "mwisho wake hutauamini". Ukishasema hivyo atasoma kitabu kizima akiuvizia huo mwisho, hatamwamini mhusika hata mmoja, na kurasa zote za katikati zitampita.

Mimi nilikipenda, nikampa, yeye hakukipenda. Nilikosea wapi?

Pengine hukukosea, roho za watu hazifanani. Lakini kuna kosa moja tunalolifanya wengi: kulinganisha mada. Amependa kitabu cha baharini, basi nampa kingine cha baharini. Joyce Saricks, naye mkutubi wa Marekani, ambaye vitabu vyake vimewafunza wakutubi wengi kazi hii, anasisitiza tutazame kinachomvuta msomaji: mwendo, wahusika, msuko, mandhari, hali ya moyo inayotawala kitabu, na mtindo wa lugha. Kitabu kimoja cha baharini kina dhoruba kila sura. Kingine kina mtu mmoja anayeyatazama maji kurasa 200. Aliyependa cha kwanza atafurahia zaidi kitabu cha kesi mahakamani chenye mwendo uleule kuliko hicho cha pili, hata kama mahakamani hakuna tone la maji.

Mwendo unaweza kuukisia bila kusoma neno. Fungua ukurasa wa katikati utazame weupe. Mazungumzo mengi na aya fupi huacha nafasi nyingi nyeupe, na kurasa kama hizo husomeka haraka. Aya inayojaza ukurasa kutoka juu hadi chini inataka msomaji aliyetulia. Nimewafundisha wenzangu wengi kipimo hiki, na sasa nawaona wakikifanya wenyewe mbele ya rafu, kitabu kimefunguliwa mbali na uso kama anayetazama picha.

Akikwambia hakukipenda, usikitetee. Muulize aliishia wapi na nini kilimchosha. Hapo utajua wa kumpa wiki ijayo.

Naweza kupendekeza kitabu ambacho sijakisoma?

Unaweza, bora useme. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. "Sijakisoma mimi, lakini watu wawili wenye ladha kama yako wamekisifu" ni pendekezo la haki kabisa. Ukijifanya umekisoma, akirudi na swali kuhusu sura ya mwisho, utapoteza imani ambayo ulichukua miaka kuijenga.

Kitabu kina jambo zito ndani. Nimwambie mapema?

Mwambie.

Mzee mmoja, msomaji mwenzangu wa siku nyingi, aliniomba riwaya ya kusafiri nayo. Nikampa ile niliyoipenda kuliko zote mwaka ule, hadithi ya familia kubwa yenye vichekesho tele, mpaka katikati, ambapo mtoto anazama mtoni. Nilikuwa sijui kwamba mzee amefiwa na mjukuu. Alikirudisha mapema, akakiweka mezani, akaniamkua kama kawaida, hakusema zaidi. Nilipokifungua nikakuta utepe wa kuwekea alama umelala ukurasa mmoja baada ya mto. Nilimfuata nikamwomba radhi. Akaniambia kitabu ni kizuri, na kwamba angependa tu kujua kabla.

Tangu siku ile nasema, kwa sauti ya kawaida na kwa sentensi moja: "Kuna kifo cha mtoto katikati." "Kuna ukatili ndani ya ndoa, na umeelezwa waziwazi." Hujafichua kisa kwa kusema hivyo. Kisha mwache achague, na usimwamulie, kwa kuwa wapo wenye msiba wanaotafuta kitabu kinachoujua msiba wao, na ukiwaficha utawanyima. Akikikataa, usimuulize sababu.

Mwenzangu hasomi riwaya kabisa. Nimpe nini?

Toka naye kwenye rafu za riwaya. Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu vya maarifa kwa namba za Dewey, mfumo uliochapishwa na Melvil Dewey mwaka 1876, unaogawa maarifa katika makundi kumi makuu kuanzia 000 hadi 900. Namba hizo hufuata mada, hazijali kama kitabu kina simulizi ndani. Kumbukumbu za mtu aliyetumia nusu ya umri wake kufuatilia ndege zitakaa 598, zimebanwa na miongozo ya kutambua manyoya. Za mtazamaji wa sayari utazikuta 523, za mwanamichezo 796, za msafiri 910. Vitabu vya mambo ya kweli vinavyosomeka kama riwaya vimetawanyika jengo zima, na hakuna kibao kinachosema viko wapi. Asiyependa riwaya anaweza kuzunguka mwaka mzima asivione.

Hapo ndipo pendekezo la mtu lina faida kuliko mahali pengine popote. Muulize anafanya nini mikono yake ikiwa haina kazi, au ni habari gani akizisikia hunyanyua kichwa. Halafu usimtajie namba tu. Ongozana naye mpaka kwenye rafu. Watu wazima wengi huona aibu kuuliza namba zinasomwaje, na hatua hizo chache za kutembea pamoja huiondoa aibu bila ya mtu kuitaja.

Usisahau diwani. Shairi moja la ukurasa mmoja, lililosomwa kwa sauti pale pale mmesimama, limewahi kumrudisha kwenye kusoma mtu aliyekuwa ameacha miaka mingi.

Avumilie kurasa ngapi kabla ya kukiacha?

Pearl ana kanuni yake ya 50: soma kurasa 50, usipokipenda kiache. Ukiwa umevuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30. Msomaji mzima anapozeeka anapata ruhusa zaidi, na hilo nalipenda sana, kwa sababu linakiri kwamba muda wa kusoma una mwisho.

Mimi huongeza jambo moja ninapopendekeza. Vitabu vingine huchelewa kuwaka. Kama unajua hicho unachompa kinaanza kwa uzito, mtajie ukurasa: "Vumilia mpaka wa 40, hapo ndipo yule dada anaporudi." Akifika 40 bado hakimgusi, mweleze kabisa kwamba hutakasirika akikirejesha.

Riwaya za mapenzi na za upelelezi wanaziita nyepesi. Niache kuzipendekeza?

Usiache. Riwaya ya upelelezi humpa msomaji wajibu: akusanye ushahidi, amshuku kila mtu, arudi nyuma kukagua alichokiona. Riwaya ya mapenzi humpa ahadi kwamba mambo yatatengemaa, na mtu aliyetoka kuuguza mgonjwa usiku kucha ana haki ya ahadi hiyo. Nimeona watu wakitaka kitabu cha mapenzi wakashushuliwa kwa jicho tu na msomaji mwenzao, na wengine hawakurudi tena. Jicho lile liliwagharimu vitabu vingi ambavyo wangevisoma.

Ila zijue kwa ndani. Ndani ya upelelezi pekee kuna zile za fumbo la kufumbua kwa utulivu, kuna za askari waliochoka katika mji wenye giza, kuna za mauaji yasiyoonyesha damu hata tone. Mpenzi wa za kwanza ukimpa za pili hatalala, na si kwa furaha. Kwa mfululizo wa vitabu, mwambie aanzie kipi. Mara nyingi ni cha kwanza, lakini mingine mwandishi alikuja kupata mkono wake kwenye cha pili au cha tatu, na cha kwanza husomeka vizuri zaidi baadaye.

Vipi kuhusu watoto na vijana?

Ongea na mtoto mwenyewe. Mzazi akisimama katikati atajibu yeye, na utampa mtoto kitabu cha mzazi. Chuchumaa mlingane macho, mwambie akuonyeshe kitabu anachokipenda, hata kama ni kile alichokwisha kukisoma mara nane. Kurudia si uvivu. Mtoto hurudia kitabu mpaka akimiliki.

Mwaka 1990 mwanazuoni wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba vitabu vinaweza kuwa madirisha, vinaweza kuwa vioo, na vinaweza kuwa milango ya kioo inayoteleza. Kwenye kioo mtoto anajiona yeye na watu wa kwao. Kwenye dirisha anawaona wengine. Mlango unamruhusu kuingia kwao kwa fikra. Mtoto ambaye hajawahi kukiona kioo chake rafuni anaweza kuamini kwamba vitabu si vya watu kama yeye. Kwa hiyo ukimpa viwili, kimoja kiwe kioo. Kwa vijana, kiache kitabu mezani na maneno mafupi. Ukikisifu sana kitabu mbele ya kijana wa miaka 15, umekimaliza.

Mwenzangu macho hayana nguvu, au hana muda wa kukaa na kitabu.

Kwa macho, uliza vitabu vya herufi kubwa, ambavyo kwa kawaida huchapwa kwa ukubwa wa pointi 16 na kuendelea. Viko maktaba nyingi na watu hawaviulizii. Kwa asiyeona kabisa kuna breili na kuna vya kusikiliza, na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 umezirahisishia maktaba za nchi zilizojiunga nao kutengeneza na kubadilishana nakala za namna hii.

Kwa asiye na muda, kitabu cha kusikiliza. Huulizwa kila mara kama kusikiliza ni kusoma. Kwangu mimi ni kusoma. Hadithi ilianza kusikilizwa zamani kabla ya mtu yeyote kuiandika. Jambo la kuangalia ni msomaji wa kitabu hicho, yaani ile sauti. Sikiliza dakika tano kabla ya kukipendekeza. Riwaya ya kurasa 300 inaweza kuchukua saa 10 hivi, na sauti inayokera huwezi kukaa nayo saa 10.

Kitabu kimetafsiriwa. Nitaje tafsiri ipi?

Taja, ikiwa ipo zaidi ya moja. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963, kisha akairudia, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia ni ileile na mtafsiri ni yuleyule, na bado aliona inafaa kuirudia. Sasa fikiria tofauti inayoweza kuwapo kati ya watafsiri wawili waliopishana miaka mia. Mtu akikwambia kazi fulani mashuhuri ilimshinda, muulize alisoma tafsiri ipi kabla hujaamua kwamba haimfai.

Nataka kuacha kikadi cha pendekezo rafuni. Niandike nini?

Muulize mkutubi kwanza kama inaruhusiwa na vikae wapi. Halafu andika kidogo. Kikadi husomwa na mtu aliyesimama, mwenye begi begani. Hiki ni kimoja nilichokiandika, na kilikaa pale mpaka wino ukafifia:

"Kwa aliyechoka na vitabu vinavyopiga kelele. Mjane mmoja, bustani moja, barua zinazochelewa kufika. Husomwa kwa jioni mbili. Kuna huzuni, hakuna ukatili. Usikiruke chakula cha sura ya tano."

Angalia kilichomo: kinamfaa nani, kuna nini, kitachukua muda gani, kuna la kuonya au hapana, na kitu kimoja cha kukisubiri. Hakuna "kizuri sana", kwa kuwa maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote. Andika jina la mwandishi kama lilivyo kwenye jalada. Kama kuna matoleo mengi, ongeza nambari ya ISBN iliyo nyuma ya kitabu: tarakimu 13 kwa vilivyotoka tangu mwaka 2007, tarakimu 10 kwa vya zamani. Mkutubi akiipata hiyo hatakosea toleo.

Na usiandike ndani ya kitabu chenyewe, hata kwa penseli, hata kwa nia njema.

Nimempendekezea, lakini kimeshaazimwa na kuna foleni.

Mwambie aandikishe jina lake kwa mkutubi, na aulize kama maktaba jirani inacho, maana nyingi huazimishana. Foleni ikiwa ndefu, maombi hayo yanaweza kuifanya maktaba inunue nakala ya pili. Muda huo usimwache mikono mitupu: mpe kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo ambacho hakina foleni. Mara nyingi ndicho anachokuja kukipenda zaidi.

Akishakisoma, nimuulize?

Mara moja, na kwa upole. Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Humo mna haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza, haki ya kurudia, na ya mwisho kabisa ni haki ya kunyamaza. Wapo wanaomaliza kitabu wakiwa wamejaa mno hawataki kukizungumzia, na wapo waliokiacha ukurasa wa kumi wanaona haya kusema. Ukiwahoji wote wawili, watakukwepa kwenye rafu.

Mimi husema, "Kile kitabu kilifikaje?" Akijibu "kizuri" na kunyamaza, namwacha. Akivuta kiti, nami nakaa.

Usimwambie mtu mwingine alichokisoma fulani. Kitabu cha talaka, cha ugonjwa, cha imani: aliyekiazima amekuamini kwa kukubali pendekezo lako, na wakutubi wenyewe huzilinda kumbukumbu za kuazima kwa sababu hiyo.

Mimi mwenyewe nimekwama, hakuna kinachonishika. Nani anipendekezee?

Nenda kwa mkutubi umwambie hivyohivyo ulivyosema hapa. Wengi wao waliingia kazi hii wakisubiri swali hilo, na siku nzima wanaulizwa choo kiko wapi. Mwambie vitabu viwili ulivyovipenda na kimoja ulichokichukia, na kwa nini. Kile ulichokichukia kitamsaidia kuliko vyote.

Akiwa ana kazi, tazama kitoroli cha vitabu vilivyorejeshwa ambavyo bado havijapangwa. Sikipiti bila kusimama. Kila kilichopo pale kimetoka mikononi mwa mtu wiki hii, na utaona kwa kukishika: migongo iliyolegea, kona iliyokunjika, tikiti iliyosahauliwa katikati. Jana nilikuta juu kabisa kitabu cha ufugaji wa nyuki nisichokuwa na haja nacho, na ndani yake kikaratasi chenye mwandiko wa mtu nisiyemjua: "Anza na sura ya saba." Nimekiazima. Niko sura ya saba.